STI, Evo X, Legacy GT au Mark X: lipi linafaa barabara za Arusha na Moshi?

Kutoka Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80, na ndani ya safari hiyo fupi gari la kasi hupata mtihani kamili. Unaanza na njia nne hadi Tengeru, ambako kila gari huonekana zuri. Kisha zinakuja Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti na Boma Ng'ombe, zenye matuta na rasta, viraka vya lami na mifereji iliyokandamizwa na magurudumu ya malori. Ukitoka nje ya njia kuu kuna kona za Himo, Marangu na Rombo, lami nyembamba yenye utelezi mvua ikinyesha. Upande wa pili kuna Makuyuni, Mto wa Mbu na mpando wa ukingo wa Manyara. Na mwisho wa siku gari linarudi nyumbani, Moshono au Pasua, kupitia kipande cha vumbi na mawe.

Magari manne tunayolinganisha hapa yote huja kama mitumba kutoka Japani: Subaru Impreza WRX STI ya hachibeki (GRB), Mitsubishi Lancer Evolution X, Subaru Legacy GT (BL5 ya sedani na BP5 ya wagoni) na Toyota Mark X (GRX130). Hukumu yenyewe isisubiri: kwa mtu mwenye gari moja la kila siku, Legacy GT ndiyo ya kwanza. STI ya miaka ya mwanzo inaifuata kwa karibu. Mark X ni ya mtu wa safari ndefu. Evo X ndiyo inayopinda kona vizuri kuliko zote, ila gharama yake utaisikia mgongoni na mfukoni.

Sababu ya mpangilio huo ni namna tairi linavyofanya kazi. Tairi hushika lami kwa uzito unaolikandamiza. Gurudumu likipanda kiraka, springi hujibana, kisha inatakiwa ilirudishe chini haraka. Springi ikiwa ngumu kupita kiasi, au shokapu ikiwa imekazwa mno, gurudumu hubaki juu kwa sehemu ya sekunde, na kwa muda huo halishiki chochote. Ukiwa umenyooka unasikia mtikisiko tu. Ukiwa katikati ya kona ya Mwika kwa kilomita 70 kwa saa, gari linahama pembeni ghafla. Kwa hiyo kwenye lami yenye viraka, gari gumu linaweza kuteleza mahali ambapo gari laini lenye shokapu nzima linapita bila wasiwasi. Kwenye lami safi mambo hugeuka: gari gumu halilali kwenye kona, usukani wake hujibu papo hapo, na dereva anajua kila gurudumu liko wapi. Kila mnunuzi ajiulize kilomita zake nyingi ziko kwenye lami ya aina gani, na ajibu kwa ukweli.

Ukuta wa tairi nao ni sehemu ya springi, na hesabu yake ni rahisi. Tairi la 245/40R18, linalovaliwa na STI na Evo X, lina ukuta wa milimita 98. Legacy GT huvaa 215/45R17, ukuta wa milimita 97. Mark X ya toleo la S huvaa 235/45R18, milimita 106, na Mark X ya kawaida huvaa 215/60R16 yenye ukuta wa milimita 129. Tofauti ya sentimita tatu kati ya hizo za kwanza na hiyo ya mwisho ndiyo inayoamua kama shimo la Sakina litakupa mshtuko tu au litakupindia rimu.

Evo X ilitoka Japani Oktoba 2007. Injini yake, 4B11 ya turbo, ina cc 1,998, bloku ya alumini, na timing ya mnyororo, hivyo hakuna mkanda wa kubadilisha. Za mwanzo zina farasi 280, na kuanzia mwishoni mwa 2008 zikawa 300. Breki za mbele ni Brembo zenye diski ya milimita 350. Kinachoitofautisha na nyingine zote ni mfumo wa AYC kwenye difu ya nyuma, unaohamisha nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Ukiingia kona na kukanyaga mafuta, gurudumu la nyuma la upande wa nje hupewa nguvu zaidi, na pua ya gari huvutwa ndani ya kona badala ya kutanuka nje. Kwenye mpando wa Manyara, palipo na lami nzuri, hakuna hata moja kati ya hizi tatu nyingine inayoweza kufanya hivyo kwa usahihi ule. Usukani ni mwepesi kujibu na breki hazichoki kwa urahisi kwenye mteremko.

Lakini ipeleke kwenye viraka. Springi ni ngumu, hasa kwenye magari yenye kifurushi cha shokapu za Bilstein na springi za Eibach, na tairi pana la 245 hufuata mfereji wa malori, hivyo dereva hushika usukani kwa mikono miwili muda wote na kuurekebisha kila hatua. Buti ni dogo kwa sababu betri na tangi la maji ya waipa vimehamishiwa nyuma kusawazisha uzito, na viti vya nyuma havilali. Tangi la mafuta ni lita 55. Ukipata kilomita 8 kwa lita, hiyo ni kama kilomita 440, maana yake Arusha hadi Dar es Salaam lazima ujaze njiani.

Ubovu mkubwa wa Evo X hapa kwetu ni wa pampu ya hidroliki ya AYC. Imefungwa nyuma upande wa kulia, karibu na gurudumu, mahali panaporushiwa matope na kokoto. Magari yaliyotoka mikoa ya theluji ya Japani huja nayo ikiwa tayari imeanza kuliwa na chumvi ya barabarani. Ikifa, dashibodi huandika ujumbe wa kuomba huduma, na ule uwezo wa kuvuta pua ndani ya kona unaondoka. Unabaki na gari gumu lisilo na faida ya ugumu wake. Kabla ya kununua, livue gurudumu la nyuma kulia, toa plastiki ya ndani ya madigadi, na uangalie pampu kwa macho. Kuhusu gia, chagua mwongozo wa gia tano. Giaboksi ya klachi mbili, TC-SST, ni tamu barabarani, lakini foleni ya jioni ya kusogea hatua mbili na kusimama huijaza joto, inahitaji mafuta yake maalumu tu, na fundi anayeifahamu kwa undani ni wa kutafutwa.

STI ya hachibeki nayo ilitoka Oktoba 2007. Kwenye soko la Japani ina injini ya EJ207 ya cc 1,994, farasi 308, gia sita za mwongozo, na difu ya katikati inayorekebishwa na dereva, DCCD, ambayo kwa kawaida hupeleka asilimia 41 ya nguvu mbele na 59 nyuma. Iache kwenye Auto siku za kawaida. Mvua ikikukuta njia ya Machame, sogeza kwenye Auto yenye alama ya kujumlisha, magurudumu ya mbele na ya nyuma yafungamane zaidi. Usiifunge kabisa kwenye lami kavu: gari hukataa kupinda kwenye kona za taratibu, na mzigo wote unaishia kwenye giaboksi.

Jambo ambalo matangazo mengi ya yadi hayataji ni kwamba STI za GRB hazifanani. Zile za 2007 hadi 2009 zina springi laini zaidi, na ziliposhutumiwa kuwa zinalala kwenye kona, Subaru ilizikaza katika toleo la 2010: gari likashushwa milimita 5, na bushi za mpira za mkono wa chini wa mbele zikabadilishwa kuwa za chuma. Kwa dereva wa Japani hayo yalikuwa maendeleo. Kwa dereva wa Arusha, lile toleo la mwanzo lililoitwa laini ndilo bora. Linanyonya rasta, magurudumu ya nyuma yenye mikono miwili hukaa chini kwenye viraka, na bado lina uwezo wa kona ambao dereva wengi hawataumaliza kwenye barabara ya umma. Ukikuta mbili za bei moja, chukua ya 2008 yenye shokapu nzima, iache ya 2011.

Faida ya pili ya STI juu ya Evo ni rimu. Diski yake ya mbele ni milimita 326, na Subaru yenyewe iliuza toleo la spec C lenye tairi za 235/45R17. Kwa hiyo rimu za 17 zinakubali juu ya Brembo, mradi umbo la rimu liwe sahihi. Ukivaa 245/45R17, kipenyo cha tairi kinabaki karibu sawa na cha 245/40R18 (milimita 652 dhidi ya 653), hivyo spidomita haidanganyi, ila ukuta unapanda kutoka milimita 98 hadi 110. Badiliko hilo moja huleta utulivu zaidi ya shokapu za bei kubwa. Kwenye Evo X usinunue rimu za 17 bila kuzijaribu kwanza, kwa sababu diski ya 350 na kalipa yake huacha nafasi ndogo sana.

STI ina kelele yake inayowatisha wanunuzi. Shokapu za mbele zimegeuzwa juu chini, na grisi ya ndani ikikauka hutoa mlio wa kugonga ukivuka tuta taratibu. Fundi asiyelijua hilo atakubadilishia linki za stabilaiza, kisha boljointi, kisha mauntini za juu, na mlio utabaki palepale. Shokapu hizo zinaweza kufunguliwa na kutiwa grisi upya kama nguzo haijakwaruzika.

Kuna pia STI A-Line, iliyoanza 2009: injini ya cc 2,457, farasi 300, gia tano za otomatiki, bila DCCD. Kwa anayekaa kwenye foleni kila asubuhi ni chaguo la heshima, ingawa anayetaka kushika kona kwa ukali ataona imepoa.

Hapa lazima tuseme kuhusu mafuta na mwinuko, maana vyote viwili vinagusa chaguo. EJ207 imepangiwa petroli ya oktani 100 ya Japani, ambayo pampu zetu za kawaida hazina. Petroli yenye oktani ndogo hulipuka kabla ya wakati ndani ya silinda, kompyuta hurudisha timing nyuma, nguvu inapungua, na ukiendelea kukanyaga kwa muda mrefu kwenye mpando, kingo za pistoni zinazoshika ringi hupasuka. Ugonjwa huo umezitesa sana injini za turbo za EJ, familia ya injini za Subaru inayotumika kwenye STI na Legacy GT. Tafuta petroli bora uwezayo kupata, usipandishe presha ya turbo, na kama gari lilikwisha kuchezewa kompyuta Japani, lirudishwe kwenye mpangilio wa kiwandani au lipangwe upya kwa mafuta ya hapa. Kuhusu mwinuko, injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, kwa hiyo Mark X ya farasi 203 inabaki na kama 175 mjini. Moshi, iliyo chini zaidi, huipokonya kidogo. Magari ya turbo hupoteza kidogo sana kwa sababu turbo hufidia hewa nyepesi, ila huamka kwa kuchelewa na huzunguka kwa kasi kubwa zaidi, na ndiyo maana mafuta safi ya injini yana uzito mkubwa hapa.

Legacy GT ya 2003 hadi 2009 haina sura ya mbio, na labda ndiyo sababu wengi huipita. Turbo ya lita 2, farasi 280 kwa gia za mwongozo na 260 kwa otomatiki. Gurudumu la mbele hadi la nyuma ni milimita 2,670, refu kuliko STI kwa milimita 45, na urefu huo huonekana kwenye mawimbi ya lami: gari halinyanyui pua na mkia kwa zamu. Milango yake isiyo na fremu za vioo hupitisha upepo kidogo raba zikichoka, hilo tulikubali. Lakini usukani una uzito sahihi, mwili unalala kwa kiasi kinachomwambia dereva afike wapi, na abiria wa nyuma anaweza kusafiri hadi Dodoma akashuka bila kushika kiuno. Tangi lita 64. Tafuta zile za spec.B zenye Bilstein kama shokapu bado ni nzima. Kama zimekwisha, GT ya kawaida yenye shokapu mpya za kiwango cha kiwandani ni bora kuliko Bilstein mfu.

Tatizo la Legacy ni lile tairi la 215/45R17, jembamba na lenye ukuta mfupi. Ongeza kwenda 225/45R17 (ukuta milimita 101) bila wasiwasi. Wengine huvaa 215/50R17, ukuta milimita 107.5, na gari hunyanyuka sentimita moja. Ukifanya hivyo, angalia nafasi kati ya tairi na kikombe cha springi cha shokapu ya mbele. Kidole kipite bila kubanwa, usukani ukiwa umekatwa kushoto na kulia. Kumbuka pia spidomita itasoma pungufu kwa asilimia 3 na kidogo: ikionyesha 50 unakwenda karibu 52, na wenye tochi hawapimi spidomita yako. Boliti za Legacy ni 5 kwa 100 (boliti tano kwenye duara la milimita 100), wakati STI, Evo na Mark X ni 5 kwa 114.3, hivyo rimu za jirani mwenye Mark X hazitaingia.

Upande wa injini, turbo ya Legacy hufa zaidi kwa kukosa mafuta kuliko kwa uzee. Kuna vichujio vidogo sana ndani ya boliti za bomba la mafuta ya turbo, na mwenye gari akichelewesha oili huziba. Badilisha oili kila kilomita 5,000, na angalia kijiti kila unapojaza petroli, kwa sababu EJ hula oili kimya kimya hadi beringi zianze kugonga. Injini ikitoa mlio wa kugonga kutoka chini ikiwa na moto wakati wa kuongeza mwendo, usilinunue gari kwa bei yoyote.

Mark X ya GRX130, iliyoanza 2009, ni gari la tabia nyingine. Inavuta nyuma, ina V6 ya cc 2,499, gia sita za otomatiki, na kwa toleo hili Toyota iliipanga itumie petroli ya kawaida ya Japani, ndiyo maana farasi zilishuka kutoka 215 za GRX120, Mark X iliyotangulia, hadi 203. Kwa hapa kwetu huo ni unafuu mkubwa. Tangi ni lita 71, spea ziko kila mahali, na fundi wa mtaa anaifahamu. Kutoka Moshi hadi Dar es Salaam hakuna kati ya haya manne inayoifikia kwa utulivu: kelele za tairi ni ndogo, gari limekaa, na ukivaa zile rimu za 16 za kiwandani, matuta ya vijijini hupita bila kumwamsha mtoto aliyelala nyuma.

Kwenye kona inataka adabu. Uzito wake na milimita 2,850 kati ya magurudumu huifanya ichelewe kugeuka kona za mfululizo, na ukikanyaga mafuta mapema barabara ikiwa na maji, mkia unatoka. Mfumo wa kuzuia utelezi huukamata, lakini kwa kukata nguvu ghafla. Kwenye tope la njia ya nyumbani masika ikianza, gurudumu moja la nyuma huzunguka bure na gari linabaki hapo. Mark X 350S, yenye lita 3.5 na farasi 318, ni ya haraka kweli, na toleo la G's limekazwa na kushushwa zaidi. Hilo la G's, kwa barabara zetu, limechukua ulaini wa Mark X bila kulipa uwezo wa Evo au STI. Halina sababu ya kununuliwa hapa. Injini ya 2.5 hunyunyiza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo masizi hujikusanya kwenye valvu za kuingiza hewa. Dalili ni injini kutikisika ikiwa imesimama, hasa asubuhi ya baridi ya Julai.

Mwenye kipande kirefu cha njia mbaya kufika kwake, atazame Forester ya turbo kabla ya haya yote. SH5 ina farasi 230 na nafasi ya milimita 225 chini ya tumbo. Inalala kwenye kona, ndiyo, lakini inafika.

Sasa shokapu, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Magari mengi ya aina hii hufika yakiwa yamefungwa koilova (shokapu na springi za kurekebishwa urefu) na kijana wa Japani aliyekuwa akienda nayo uwanja wa mbio. Soma maandishi kwenye springi: 10K au 12K maana yake inahitajika kilo 10 au 12 kuibana milimita moja. Kwa gari la kutembelea hapa, zaidi ya 6K mbele ni adhabu. Springi za kushusha ni mbaya kwa njia nyingine: gari likishuka sentimita 3, safari ya shokapu inapungua kwa kiasi hichohicho, na kwenye tuta la kwanza shokapu hugota kwenye raba ya ndani. Ikigota, ugumu hupanda ghafla, gurudumu huruka, na shokapu huanza kuvuja ndani ya miezi michache. Tafuta springi za kiwandani zirudishwe. Ukipata gari zuri lenye koilova, mwombe muuzaji bei ya gari pamoja na shokapu mpya nne, mauntini zake na alaimenti, usikubali kuhesabu gari peke yake.

Majaribio kabla ya kulipa yafanyike kwa mpangilio. Pima upepo tairi zikiwa baridi, ufuate kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Kimeandikwa kwa kPa, na 230 ni sawa na psi 33. Wauzaji wengi hujaza hadi 40 gari lionekane jepesi, na ukijaribu hivyo utahukumu springi bure. Soma tarakimu nne kwenye ukuta wa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Kisha vuka tuta kwa mshazari, gurudumu moja moja, kilomita 10 kwa saa, vioo vikiwa wazi, karibu na ukuta unaorudisha sauti. Mlio mwepesi wa haraka ni linki za stabilaiza. Mlio mmoja mzito wa kugonga ni mauntini au bushi ya mkono wa chini. Nenda njia ya vumbi kwa 30: usukani ukitetemeka mkononi, angalia rack end (maungio ya fimbo za usukani). Toka kwenye njia nne, fika 80 hadi 100. Mtetemo ukiwa kwenye usukani, rimu ya mbele imepinda au balansi imekosekana. Ukiwa kwenye kiti, tatizo liko nyuma. Ukitokea unapofunga breki tu, diski zimepinda. Mwisho kata usukani wote na uzunguke taratibu uwanjani. STI, Legacy au Evo ikijikaza na kusitasita, angalia tairi zote nne kwanza.

Jambo la tairi kwa magari ya kuvuta magurudumu manne halina mjadala. Subaru hutaka mzunguko wa tairi usitofautiane kwa zaidi ya milimita 6 hivi, ambayo ni kama milimita 1 tu ya kina cha meno. Ukipata pancha isiyozibika ukanunua tairi moja jipya, difu ya katikati inafanya kazi muda wote hadi ife. Nunua manne ya aina moja, na uyazungushe mbele na nyuma kila kilomita 10,000.

Kodi nayo iingie kwenye hesabu mapema. Ushuru wa bidhaa hupanda injini ikizidi cc 2,000, na umri mkubwa wa gari huongeza ada ya uchakavu, hivyo STI ya EJ207, Legacy GT na Evo X ziko upande wa nafuu kwa ukubwa wa injini, Mark X na A-Line ziko upande wa juu. Kikokotoo cha TRA mtandaoni hutoa jumla kwa mwaka na modeli. Kitumie kabla ya kutuma fedha Japani.

Ukichukua Legacy, au STI, mpangilio wa matumizi ya mwanzo ni huu: tairi nne nzuri, shokapu na mauntini kama zimechoka, bushi za mikono ya chini, alaimenti, halafu mkanda wa timing. Usiamini kibandiko cha Japani cha kubadilishwa mkanda kama hakina tarehe na kilomita. Mkanda ubadilishwe kabla ya kilomita 100,000, pamoja na tensheni, puli zote na pampu ya maji kwa mara moja, kwa sababu puli ikikwama mkanda mpya utakatika vilevile, na kwenye EJ mkanda ukikatika valvu hukutana na pistoni.